Gorila wa Tshiaberimu anaitwa kwa jina, okapi wa Semuliki anasubiri kuhesabiwa

Kutoka Butembo hadi Beni ni safari ya kilomita zisizofika 60. Mtu anayeondoka Butembo anaacha nyuma yake, upande wa kusini-mashariki, Mlima Tshiaberimu, ambako wanaishi gorila wachache kiasi kwamba kila mmoja anafahamika kwa sura na wengine kwa jina. Akifika Beni na kutazama mashariki na kaskazini, mbele yake kuna msitu wa bonde la mto Semuliki, makao ya okapi, mnyama ambaye wakaaji wengi wa mji huo hawajawahi kumwona isipokuwa kwenye picha.

Wanyama hao wawili wana mengi yanayofanana. Wote wanaishi ndani ya Mbuga ya Virunga. Wote wanalindwa na sheria za Congo na walinzi wa taasisi moja, ICCN. Wote wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani, na porini leo hawapatikani katika nchi nyingine yoyote. Congo ikiwapoteza, dunia imewapoteza.

Lakini miaka ya karibuni imewapeleka njia mbili tofauti. Mwaka 2024 gorila wa Tshiaberimu waliongezewa majike wanne, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa kiwango hicho kwa gorila wa aina yao. Okapi wa Semuliki wamebaki katika msitu ambao raia wenyewe waliukimbia, na ambao walinzi hawawezi kuuingia bila kufikiria risasi.

Tofauti hiyo haikuletwa na sheria, wala si kwamba mmoja ana thamani kuliko mwenzake. Imeletwa na jambo moja linaloonekana dogo: mmoja ana watu wanaomhesabu kila siku, mwingine hana.

Mlima wa mizimu

Tshiaberimu uko kwenye nyanda za juu zinazotazama Ziwa Edouard, na kilele chake kinafikia mita 3,100 hivi. Jina lake kwa Kinande linatokana na mizimu, na ndiyo sababu wengi hulitafsiri kuwa "mlima wa mizimu". Juu kuna mianzi, ukungu na baridi kali. Chini, mashamba ya viazi, maharage, kabichi na vitunguu yanapanda kilima kwa kilima hadi kwenye mpaka wa mbuga. Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 60 tu, na umeungana na sehemu nyingine ya Virunga kwa ukanda mwembamba.

Gorila wa hapo si wale gorila wa milima wa upande wa Rutshuru ambao watalii walikuwa wakilipa pesa nyingi kuwatembelea. Hawa ni gorila wa Grauer, wanaoitwa pia gorila wa nyanda za chini za mashariki. Ndio wakubwa kuliko gorila wote, na dume mzima anaweza kupita kilo 200.

Hesabu yao kwa Congo nzima imepanda na kushuka kwa namna ya kutisha. Mwaka 1998, kabla vita havijaenea kote mashariki, watafiti walikadiria kwamba walikuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 makadirio mapya yalisema wamebaki 3,800 hivi, na mwaka huo huo wakatangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 hesabu nyingine ikatoa idadi ya 6,800. Haikuwa kwamba gorila 3,000 walizaliwa katika miaka mitano. Watafiti walikuwa wamefika katika sehemu za msitu ambazo kabla ya hapo hazikuwa zimechunguzwa vizuri, na wakawakuta huko.

Tshiaberimu ni kipande kidogo cha hesabu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlima huo ulikuwa na gorila karibu 20. Miaka kumi hivi baadaye walikuwa wamebaki kama sita. Mitego iliyotegwa kwa wanyama wengine, magonjwa, msitu uliokatwa kwa kuni na mashamba, na makundi yenye silaha yaliyopita humo, vyote vilichangia. Zaidi ya hayo, gorila haongezeki upesi. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka kama kumi, na kutoka mtoto mmoja hadi mwingine hupita miaka minne au zaidi. Familia ikifikia watu sita, kifo cha jike mmoja kinaweza kuwa mwanzo wa mwisho.

Mapendo na wenzake

Wakati idadi ikishuka mlimani, huko Kasugho, katika wilaya ya Lubero, kulikuwa na gorila wengine wa aina hiyo hiyo waliokuwa wakikua mikononi mwa watu. Ni mayatima. Mama zao waliuawa na wawindaji, na wao wakachukuliwa wakiwa wadogo ili wauzwe. Waliponyang'anywa kutoka kwa wafanyabiashara hao, walipelekwa katika kituo cha GRACE, ambacho kazi yake ni kuwalea gorila wa Grauer pamoja kama kundi, wajifunze tena kula, kulala na kuishi kama gorila.

Majike wanne kati yao walichaguliwa: Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Mwaka 2021 walisafirishwa kwa helikopta hadi Tshiaberimu na kuwekwa katika uzio mkubwa ndani ya msitu, ili wazoee baridi ya mlima na chakula chake. Gorila wa mlimani waliwasikia na kuwanusa. Dume mmoja mwenye mgongo wa fedha, ambaye walinzi wanamwita Mwasa, akaanza kuja karibu na uzio. Oktoba 2024 majike hao wakatoka, wakamfuata msituni.

Kabla ya siku hiyo, gorila wa Tshiaberimu walikuwa wanane. Baada yake wakawa 12. Kwa mtu aliyezoea hesabu za ng'ombe au mbuzi, wanne si kitu. Kwa mlima ule ni nusu ya kundi zima.

Kinachofaa kutazamwa hapa ni jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Helikopta na uzio ni sehemu ya mwisho tu. Kwa miaka mingi kabla yake, walinzi na wafuatiliaji, wengi wao watoto wa vijiji vya kandokando, walipanda mlima kila asubuhi kutafuta viota ambamo gorila walilala. Gorila hujenga kiota kipya kila usiku. Anayehesabu viota, akaangalia ukubwa wake na kinyesi kilichoachwa, anajua kundi lina wakubwa wangapi na watoto wangapi. Kwa kazi hiyo ya kila siku ilijulikana kwamba kundi linaisha, na ikajulikana mapema, wakati bado kulikuwa na la kufanya.

Mnyama aliyetoka Beni

Okapi ana historia ambayo Beni ingeweza kujivunia kuliko mji wowote wa Congo.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi wa Ulaya hawakujua kwamba mnyama huyo yuko. Wambuti na watu wengine wa misitu ya Semuliki na Ituri walimjua, walimwinda na walimpa jina. Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akitawala Uganda kwa niaba ya serikali yake, alipata habari zake kutoka kwa Wambuti, akavuka Semuliki na kufika katika ngome ya Wabelgiji iliyoitwa Fort Mbeni. Vipande vya ngozi alivyopata kwanza viliwafanya wataalamu wa London wadhani ni aina ya punda milia. Baadaye Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa akisimamia ngome hiyo, alimpelekea ngozi kamili na mafuvu mawili. Mwaka 1901 ukweli ukatangazwa: si punda milia, ni ndugu wa twiga.

Kwa hiyo okapi alijulikana duniani akitokea Beni. Baada ya miaka 100 na zaidi jina lake limekuwa la nchi nzima. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2002, inalipeleka jina hilo kila siku katika nyumba ambazo hazijawahi kumwona mnyama mwenyewe.

Kutoonekana ndiyo silaha yake. Okapi hutembea peke yake. Mistari myeupe ya mapajani humfanya apotee kati ya mwanga na kivuli cha msitu. Mama huwasiliana na mtoto wake kwa sauti nzito ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Mtoto mchanga hufichwa kichakani kwa majuma ya kwanza, na anaweza kukaa mwezi mzima au zaidi bila kutoa choo, ili chui asipate harufu yake. Mimba huchukua zaidi ya miezi 14, na huzaliwa mtoto mmoja tu.

Hayo yote yalimlinda okapi kwa chui. Hayawezi kumlinda kwa mtego wa waya. Na yanampa hasara nyingine: mnyama anayejificha hivyo anaweza kupungua bila mtu kutambua.

Virunga iliwahi kumsahau kabisa. Baada ya mwaka 1959 hakukuwa tena na taarifa za okapi katika mbuga hiyo, hadi mwaka 2006 uchunguzi ulipogundua nyayo na kinyesi chake upande wa Semuliki. Ni karibu miaka 50. Kisha mwaka 2008 ICCN na Shirika la Zuolojia la London waliweka kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita mbele yake. Picha zikatoka, na shirika hilo likasema ilikuwa mara ya kwanza okapi kupigwa picha akiwa huru porini.

Picha hizo zilionyesha jambo lingine lenye faida. Mistari ya kila okapi ni yake mwenyewe, kama alama za vidole vya mtu. Kwa kuilinganisha, watafiti walitambua kwamba waliopita mbele ya kamera walikuwa angalau watatu tofauti. Okapi basi anahesabika. Anachohitaji ni kamera, muda, na mtu anayeweza kwenda kuzichukua akarudi nyumbani salama.

Mwaka huo huo watafiti hao walitoa onyo: nyama ya okapi, iliyosemekana kutoka mbugani, ilikuwa ikiuzwa katika mji wa Beni. Walisema uwindaji ukiendelea kwa kasi ile, okapi wa Virunga wangeweza kumalizika katika miaka michache. Mwaka 2013 okapi akaorodheshwa rasmi kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka, baada ya wataalamu kukadiria kwamba idadi yake ilipungua kwa zaidi ya nusu katika vizazi vitatu.

Msitu uliogeuka uwanja wa vita

Wakaaji wa Beni hawahitaji kuelezwa kilichofuata. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yameteketeza vijiji, familia na mashamba. Barabara ya Mbau kwenda Kamango, inayopita katikati ya mbuga kuelekea kwa Watalinga, imekuwa jina la hofu. Mei 2021 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Novemba mwaka huo jeshi la Uganda liliingia kushirikiana na jeshi la Congo katika operesheni iliyopewa jina la Shujaa. Msitu wa okapi ndio huo huo uliopigwa mabomu, uliofichwa kambi za waasi, na ambao mateka waliburuzwa ndani yake.

Katika hali hiyo mtu anaweza kuuliza: wakati watu wanachinjwa, nani ana nafasi ya kumfikiria okapi? Swali ni la haki, na anayelipuuza hajui Beni. Lakini mkulima wa kakao asiyeweza kufika shambani, mwanamke asiyeweza kwenda kutafuta kuni na mlinzi asiyeweza kufuata nyayo wamefungiwa na mlango mmoja. Siku raia wa Watalinga watakapotembea msituni bila hofu ndiyo siku ambayo okapi anaweza kuhesabiwa. Hakuna amani ya okapi iliyo tofauti na amani ya watu.

Walinzi nao wamelipa. Katika historia ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiwa kazini. Wengi walikuwa watoto wa majimbo haya haya.

Hata mahali ambako okapi alionekana kuwa salama, usalama ulivunjika siku moja. Juni 2012, huko Epulu katika Hifadhi ya Okapi, upande wa Ituri, kundi la Mai-Mai lilivamia makao makuu ya hifadhi na kuua watu kadhaa, wakiwemo walinzi. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni nao waliangamia. Wale walikuwa na majina. Kila mtu aliijua siku yao ya mwisho. Okapi wa Semuliki akiisha, hakutakuwa na siku ya kuandikwa.

Kasa wa bahari na kereng'ende wa Amani

Tofauti hii kati ya mnyama anayefuatiliwa na asiyefuatiliwa haiko Kivu Kaskazini peke yake. Upande wa mashariki, huko Tanzania, kuna viumbe wengine wawili wanaoweza kuifafanua vizuri zaidi: kasa wa kijani, anayeishi baharini, na kereng'ende mmoja mwembamba wa mkoa wa Tanga.

Kasa ana bahari nzima, lakini ana mazoea yanayomfanya ahesabike. Jike hurudi kutaga katika pwani ya eneo alikozaliwa, na akipanda ufukweni usiku huacha mchangani alama pana kama za tairi. Asubuhi hata mtoto wa shule anaweza kuzihesabu. Ndiyo sababu katika fukwe nyingi za dunia, zikiwemo za Afrika Mashariki kama Mafia na Watamu, wanavijiji na wavuvi wamekuwa walinzi wa viota: wanavihesabu, wanavihamisha maji yanapokaribia, wanatoa taarifa kasa anaponaswa na nyavu.

Kazi hiyo imezaa matunda. Oktoba 2025, kasa wa kijani, aliyekuwa katika orodha ya walio hatarini kwa miaka zaidi ya 40, aliondolewa humo. Idadi yake duniani imeongezeka kwa asilimia 28 hivi tangu miaka ya 1970. Ndugu yake, kasa mwamba, bado yuko katika hatari kubwa, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini imethibitika kwamba mnyama anayekua polepole, aliyewindwa kwa nyama na mayai yake, anaweza kurudi watu wakimfuatilia kwa kizazi kimoja au viwili.

Kereng'ende yule anaishi katika msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Wanasayansi wanamwita Amanipodagrion gilliesi, jina alilopewa mwaka 1962. Ni mwembamba kama kijiti, anakaa kando ya vijito vyenye kivuli, na watoto wake hukulia ndani ya maji safi. Hana ndugu wa karibu: katika jenasi yake yuko peke yake. Mwaka 2012 aliwekwa katika orodha ya viumbe 100 vilivyo karibu zaidi kutoweka duniani, akikadiriwa kuwa chini ya 500. Kijito kikichafuliwa, miti ya kando yake ikikatwa, hana mahali pengine pa kwenda. Na kwa kuwa ni mdudu, hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kumtazama.

Ukiwaweka hao wawili kando ya wanyama wa Kivu Kaskazini, jambo moja linajitokeza. Kuna njia mbili za kutoweka. Mnyama anaweza kutoweka kwa kukosa mahali, na anaweza kutoweka kwa kukosa macho ya kumwona.

Gorila wa Tshiaberimu ana macho mengi kama kasa, lakini mahali pake ni padogo kama pa kereng'ende: mlima mmoja, msitu wa kilomita za mraba 60, na mashamba pande zote. Okapi kinyume chake. Mahali anapo: ana misitu ya Semuliki na Ituri, na Hifadhi ya Okapi peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Anachokosa huku Virunga ni macho. Kwa hiyo dawa zao si moja. Gorila anahitaji mpaka wa mlima uheshimiwe. Okapi anahitaji watu warudi kumtafuta.

Miji hii inajua maana ya kuhesabu

Butembo na Beni zinaijua nguvu ya hesabu kuliko miji mingi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliwaambukiza watu 3,470 katika eneo hili na kuua 2,287. Ugonjwa ule ulizuiwa kwa chanjo, lakini pia kwa orodha: nani alimgusa nani, nani ameonekana leo, nani hajaonekana tangu jana. Mgonjwa mmoja aliyepotea kwenye orodha aliweza kuanzisha mlolongo mpya katika mtaa mwingine.

Na miji hii inajua pia upande wa pili. Pale raia walipoona kwamba waliokuja kuhesabu ni wageni wenye magari makubwa na pesa, wasiosalimia wala kueleza, walifunga milango, na wengine wakashambulia vituo. Hesabu ikavunjika. Ilianza kwenda vizuri zaidi pale vijana wa mitaa, viongozi wa dini na akina mama wa soko walipoingia katika kazi yenyewe.

Mbuga iko katika hali hiyo hiyo. Katika vijiji vingi vya Lubero na Beni, neno "mbuga" humaanisha mpaka uliochorwa enzi ya Wabelgiji bila kuwauliza mababu, shamba lililong'olewa, au kijana aliyekamatwa na makala. Mkulima wa kandokando ya Tshiaberimu ana watoto wengi na udongo kidogo. Akiambiwa kwamba gorila wanne wameletwa kwa helikopta huku barabara ya kijiji chake haipitiki wakati wa mvua, ana haki ya kuuliza mbuga inamletea nini yeye.

Majibu machache yapo. Huko Mutwanga, chini ya Rwenzori, maporomoko ya mito inayotoka mbugani yanazalisha umeme, na kiwanda kidogo kinageuza kakao ya wakulima wa Beni kuwa chokoleti badala ya kuuzwa yote ikiwa mbichi kwa wanunuzi wa nje. Mito inayoshuka kutoka Tshiaberimu nayo hunywesha vijiji na mashamba ya chini, na itaendelea kufanya hivyo kadiri msitu wa juu utakavyobaki. Mlinzi anayelipwa mshahara, mfuatiliaji anayesoma viota na mpishi wa kambi ni kazi zinazoweza kushikwa na vijana wa hapo hapo. Haya hayatoshi kufuta malalamiko ya miaka 100, lakini yanampa mkulima sababu ya kuwa upande wa mlima.

Kazi iliyo mbele

Kwa gorila 12 wa Tshiaberimu, hatari ya sasa ni vita vilivyozidi kupanuka. Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, na Januari 2025 wakaingia Goma, hata makao ya uongozi wa jimbo yakahamia Beni. Kituo cha Kasugho na mlima wenyewe viko katika wilaya na maeneo ambayo habari zake hubadilika kila juma. Mfuatiliaji akishindwa kupanda mlima kwa miezi miwili, mtego mmoja unaweza kufuta kazi ya miaka 20. Watu nao wanaweza kuwaua gorila bila bunduki: mafua ya kawaida ya binadamu ni ugonjwa mzito kwao, na Ebola huwaua kama inavyotuua sisi. Ndiyo sababu anayewafuata hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa mbali.

Kwa okapi, kazi ya kwanza haihitaji helikopta. Inahitaji mambo ambayo tayari yanajulikana: kamera katika msitu wa Watalinga pale usalama unaporuhusu, na mistari ilinganishwe na ile ya picha za 2008. Inahitaji wawindaji wa zamani na Wambuti, wanaojua njia za msitu kuliko ramani yoyote, wapewe nafasi ya kuwa wafuatiliaji. Inahitaji pia jambo ambalo halimsubiri mwanajeshi wala mtafiti. Nyama ya porini inapoingia sokoni Beni, Oicha au Butembo, kuna anayeinunua. Okapi amelindwa na sheria tangu mwaka 1933. Mnunuzi akikataa na kuuliza imetoka wapi, mtego unapoteza faida yake.

Shule nazo zina nafasi. Mtoto wa Beni anayejifunza kwamba okapi alijulikana duniani akitokea mji wake, na kwamba kila okapi ana mistari isiyofanana na ya mwenzake, atamtazama mnyama huyo kwa jicho lingine kuliko anayemjua kwa jina la redio tu. Mtoto wa Kyondo au Masereka anayejua kwamba mlima ulio juu ya shamba la baba yake una gorila wenye majina atauliza, siku moja, Mapendo yuko wapi na kama amezaa.

Mwaka 1959 okapi alipoacha kutajwa Virunga, hakuna aliyepiga kelele, na ilichukua karibu miaka 50 kugundua kwamba bado yupo. Safari ile alivumilia. Msitu wa wakati ule ulikuwa mpana zaidi, bunduki zilikuwa chache, na watu wa kandokando hawakuwa wengi kama leo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba ataweza kungoja miaka mingine 50 bila mtu kumtafuta.